Msitu Upo wa Kutazama

Wiki nzima sasa nawaza kisiki kimoja nilichokiona kusini mwa Kigoma, njia ya kwendea milima ya Mahale.

Vijiji vingi vya mwambao ule wa Ziwa Tanganyika hutegemea boti kuliko barabara. Tulikuwa majini tangu alfajiri, tumebanana na magunia ya unga na madumu ya petroli. Ziwa limetulia, maji maangavu hadi mawe ya chini yanaonekana. Kushoto kwetu vilima vya miombo, kijani tupu. Nikamwambia nahodha, "Mzee, huku msitu bado upo." Akanijibu bila kugeuka: "Upo wa kutazama, mwanangu."

Boti ilipotia nanga kupakia dagaa, nilipanda kilimani na kijana mmoja wa pale. Hatukwenda mbali. Miti ipo, ila ile ya mbao ya bei haipo: mninga mkubwa hakuna, mkurungu ndio kabisa. Kisiki kipya kilikuwa kinachuruzika utomvu mwekundu, mzito, ukigusa unanata kidoleni kama damu inayoanza kuganda. Unga wa msumeno ulikuwa bado mbichi, na mburuzo wa gogo ulishuka moja kwa moja hadi ufukweni.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaopima uzima wa msitu kwa ukijani wake. Mvunaji wa huku hafyeki; anachagua mti wenye bei, anaacha mingine imfichie. Mkurungu umesakwa hadi mwaka 2019 ukaingizwa kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini. Ni hatua njema, lakini mkataba hauwezi kulala kilimani ukilinda mti. Anayelala pale ni mwanakijiji.

Na Sheria ya Misitu ya 2002 inamtambua: kijiji kinaweza kutenga msitu wake, kikausimamia na kunufaika na mapato ya uvunaji. Simlaumu kijana anayebeba gogo kwa ujira wa siku. Boti iliyotubeba ni ya mbao, na mlango wa nyumba yangu ni mninga. Ninachodai ni hesabu: magogo mangapi yametoka, kwa shilingi ngapi, isomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji.

Nilimuuliza yule kijana niliyepanda naye kilimani bei ya dagaa. Akanitajia ya jana na ya juzi. Nikamuuliza kisiki kile kimekiingizia kijiji kiasi gani. Akasema hajawahi kusikia ikitajwa.