Kwa mgonjwa wa lupus, kivuli ni sehemu ya matibabu

Hapa Dodoma, ambako kiangazi huchukua zaidi ya nusu ya mwaka na riziki ya wengi hutafutwa juani, mwanamke anayekimbilia kivulini saa sita mchana huitwa mvivu kabla hajaulizwa anaumwa nini. Takribani wagonjwa 9 kati ya 10 wa lupus ni wanawake, wengi wakiwa katika umri wa kuzaa, umri uleule ambao familia huwategemea zaidi shambani na jikoni.

Lupus ni ugonjwa wa kudumu ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia mwili wenyewe: ngozi, maungio, damu, mapafu, moyo na figo. Hauambukizi. Mionzi ya jua huweza kuuamsha, na athari yake haiishii kwenye vipele, bali huweza kuleta homa, uchovu mzito na maumivu ya maungio. Binamu yangu wa Kongwa huamka vidole vimekakamaa hata asiweze kukamua kitambaa, lakini jioni anasonga ugali wa uwele, na majirani wanaomwona wakati huo huamini kwamba asubuhi alikuwa anajisingizia. Linaniuma sana hilo, kwa kuwa kupanda na kushuka ndiyo tabia ya ugonjwa huu.

Naona familia ndiyo ianze kubadilika. Palizi ya karanga inaweza kuanza alfajiri na kukoma kabla ya saa nne, naye mgonjwa akavaa mikono mirefu na kofia pana bila kuchekwa. Haidroksiklorokwini, dawa ya kutuliza lupus iliyoanza kutumika miaka ya 1950, humezwa hata siku ambazo mtu anajisikia mzima, huku macho yakipimwa kwa ratiba ya daktari kwa sababu inaweza kudhuru retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Anayetumia predinisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe na ukali wa kinga ya mwili, naye asiikatishe ghafla.

Figo ndizo zinazonitia hofu zaidi, maana huharibika kimyakimya. Mkojo wenye povu lisiloisha, au alama ya kamba za ndala inayobaki kwenye mguu uliovimba, ni sababu ya kwenda upesi kupima mkojo na shinikizo la damu. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, jambo la kushukuriwa, lakini ni heri kuwahi kabla figo hazijafika huko: protini kwenye mkojo, dalili kwamba figo zinadhurika, huonekana kwa kijiti kinachochovywa na kusomwa ndani ya dakika chache. Mgonjwa akiwa hoi kiasi cha kusahau kukiomba kipimo hicho kliniki, ndugu anayemsindikiza akiombe kwa niaba yake.