Mbuzi haagi dunia: visawe, mtihani wa kuingia shule na mtoto wa Nairobi

Daftari lilikuwa na jalada la buluu. Mtoto wa jirani yangu, aliye gredi ya sita hapa Umoja, alikuwa amelijaza visawe, yaani maneno yenye maana sawa, kutoka mwanzo hadi mwisho: rafiki, sahibu, karamu, dhifa, tajiri, mkwasi, tisa, kenda. Shule ya kibinafsi ambayo wazazi wake wanaitamani humpa kila mtoto mgeni mtihani wa kuandika kabla ya kumpokea, mtihani ambao sote tunauita intavyuu, na mwalimu wake wa tuisheni alikuwa amemwagiza akariri jozi kumi kila siku. Nilimuuliza mojamoja, akajibu bila kusita. Kisha nikasoma insha aliyoiandika wiki hiyohiyo. "Mbuzi wetu aliaga dunia," ameandika. Chini kidogo: "Jioni tulikuwa na dhifa ya chai na mkate."

Maneno yote yamo kwenye kamusi, na mtoto hakukosea tahajia hata moja. Lakini mbuzi hufa. Anayeaga dunia ni mtu, kwa sababu kuaga ni tendo la anayeondoka akiwaacha wenzake. Na dhifa ina waalikwa, mwenyeji na vyakula vya heshima. Chai na mkate wa jioni ni chakula cha nyumbani tu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama mazoezi haya ya visawe yanawajenga watoto wetu au yanawachosha bure. Walimu wenzangu wamegawanyika, na kila upande una hoja nzito.

Kwanza tujue mtihani wenyewe unatoka wapi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inazizuia shule za umma kumpima mtoto kama sharti la kumpokea, isipokuwa kwa lengo la kujua darasa linalomfaa. Kwa hiyo intavyuu hizi ni jambo la shule za kibinafsi, na kila shule hutunga yake. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilikuwa na sura moja kwa nchi nzima hadi ilipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na mzazi aliweza kununua karatasi za miaka iliyopita akajua kitakachoulizwa. Intavyuu haina karatasi za zamani madukani. Mzazi anajua tu kwamba kutakuwa na msamiati, na hofu hiyo ndiyo inayoyajaza madaftari.

Wanaotetea kukariri wana hoja ambayo mimi siwezi kuipuuza, nayo ni ya haki. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba yenye rafu ya vitabu hukutana na neno "mkwasi" mara nyingi kabla ya kuulizwa. Hadithini mkwasi ana jumba, hutuma watumishi na hukataa kumwoza bintiye. Neno linamwingia mtoto pole pole bila kufundishwa. Mtoto wa nyumba ya chumba kimoja, ambaye Kiswahili cha vitabu hukisikia darasani na kwenye taarifa ya habari pekee, atalipata wapi? Orodha ya visawe ni karatasi moja ya fotokopi. Inamfikia. Ukiiondoa kwa madai kwamba watoto wasome kwa starehe, na starehe hiyo huna ya kumpa, utakuwa umemnyang'anya ngazi pekee aliyokuwa nayo. Tena neno halishiki kichwani kwa kukutana nalo mara moja. Linahitaji kurudiwa leo, kesho kutwa, wiki ijayo, na orodha inafanya kazi hiyo vizuri kabisa.

Upande wa pili unasema orodha inafundisha jambo lisilo kweli: kwamba maneno mawili yanaweza kuwa sawa sawia. Nami naona hapa ndipo penye uzito. Chukua maskini, fukara, hohehahe na mlalahoi. Kwenye daftari la buluu yamepangwa kwa alama ya usawa, kana kwamba mtu anaweza kuchukua lolote. Lakini ukimwona mwanamke wa makamo ameachwa na matatu pale Donholm, utasema, "Maskini, ameachwa!" hata kama ana pesa benki, kwa sababu maskini ni neno la huruma pia. Jaribu kusema, "Fukara, ameachwa!" Umemtusi. Hohehahe hana mbele wala nyuma, amefika mwisho. Mlalahoi ni neno la mkutano wa siasa na safu za magazeti. Anayelitaja anazungumzia tabaka zima la watu waliochoka. Hali moja, maneno manne, na kila neno lina msemaji wake na mahali pake. Mtoto aliyefundishwa usawa wao peke yake amepewa nusu ya maarifa, na nusu aliyonyimwa ndiyo inayofanya insha isomeke.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mtoto huyu anaijua nusu hiyo tayari, ila katika Sheng, lugha ya vijana wa mitaani. Muulize majina ya pesa akupe doo, chapaa, ganji, mkwanja. Muulize ni lipi atakalomwambia mwalimu mkuu na lipi atakalomwambia kondakta wa matatu. Hatababaika. Anajua kwamba mathe na mama ni mtu mmoja na kwamba hamwiti nyanyake mathe mbele ya wageni. Huo ni ujuzi wa visawe ulio kamili kuliko ule wa daftari. Tumezoea kuishutumu Sheng kwamba inaharibu Kiswahili cha watoto wa Nairobi, na kwenye sarufi malalamiko hayo yana msingi. Kwenye jambo hili, hata hivyo, mwalimu mwerevu angeanzia hapo hapo mtaani na kumwambia mtoto: kama unavyojua ganji si la ofisini, ndivyo dhifa isivyo ya chai na mkate.

Mitihani ya nje inaonyesha mvutano uohuo. Katika SSAT, mtihani wa kuingilia shule nyingi za kibinafsi za Marekani, sehemu ya maneno kwa madarasa ya kati na ya juu ina maswali 60: 30 ya visawe na 30 ya kulinganisha uhusiano wa maneno. SAT ya kuingilia vyuo vikuu iliondoa vinyume mwaka 1994, ikaondoa ulinganishi wa maneno mwaka 2005, na mwaka 2016 ikaacha kuwinda maneno adimu, ikaanza kuuliza maana ya neno ndani ya kifungu. Wakubwa hawajakubaliana, basi tusishangae kwamba nasi hatujakubaliana.

Hata ukiangalia maksi pekee, kukariri kuna mpaka. Swali likiuliza kisawe cha hamaki na majibu yakawa furaha, hasira, hofu na huzuni, daftari linatosha. Majibu yakiwa hasira, chuki, kinyongo na wivu, anayejua kwamba hamaki hulipuka ghafla huku kinyongo kikifugwa moyoni kwa miaka ndiye atakayepita bila kubahatisha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: daftari libaki, alama ya usawa iondoke. Kama mtihani ni wiki ijayo, mtoto akariri tu, hakuna muda wa jingine. Kama kuna miezi mitatu, jozi tatu kwa siku zinatosha, kila neno liwekwe katika sentensi ambayo mwenzake hawezi kuingia. Na vitabu vipo kwa asiye na rafu: pale inama, vinapouzwa chini kando ya barabara za mjini, na katika maktaba ya McMillan, ambayo ina matawi Kaloleni na Makadara, si mbali na huku kwetu Eastlands.

Jumapili iliyopita tulifika kwenye tisa na kenda. Aliniuliza kwa nini hajawahi kumsikia mama mboga akisema nyanya kenda. Nikamwambia aitafute kenda ndani ya jina Mijikenda, la jamii za pwani, kisha tukazihesabu pamoja: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Waribe, Warabai, Wajibana. Alihesabu kwa vidole, akabakiwa na kimoja. Akachukua kalamu, akafuta ile alama ya usawa kati ya tisa na kenda, na pembeni akaandika: miji.