Riwaya haiandikwi kwa kusubiri msukumo

Makala niliyosoma kuhusu uandishi inasema mwandishi wa riwaya akikosa msukumo aweke kalamu chini mpaka urudi. Hapo sikubaliani hata kidogo. Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya wa karne ya 19, alikuwa mfanyakazi wa posta Uingereza, na kabla ya kwenda kazini aliamka alfajiri, akaweka saa mezani na kujipangia maneno 250 kila robo saa. Kwa mtindo huo aliacha riwaya 47. Si lazima kila mtu aandike kwa saa (mimi ningebanwa mno), lakini kukaa mezani kila siku ndiko kunakomzoesha mtu wahusika wake. Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, naye alikatisha kazi akiwa bado anajua kitakachofuata. Nimejaribu: unamwacha mhusika ameshika kitasa cha mlango, hajafungua, na kesho yake unaanza bila kuhangaika.

Halafu makala imeruka kabisa suala la kusoma mazungumzo kwa sauti. Jicho husamehe sentensi ambayo hakuna binadamu angeitamka. Ulimi hukwama papo hapo. Waandishi chipukizi wafundishwe hilo kwanza, habari za msukumo zije baadaye.