Shangazi Yangu Ana Dini Mbili, na Zote Anazishika Kweli

Juma la Krismasi iliyopita, binamu yangu aliyeokoka hivi karibuni aliingia alfajiri na panga kihambani, kwenye shamba la ukoo wetu kule Uchaggani, Kilimanjaro, akafyeka masale yote, ile mimea tunayoiheshimu, yaliyozunguka makaburi ya babu na bibi. Hakubakiza hata moja. Akayaburuta mpaka kwenye shimo la taka nyuma ya zizi. Tulipoamka tulimkuta ananawa mikono, ametulia kabisa. Shangazi akamuuliza, "Baba, kulikoni?" Akamjibu, "Shangazi, hakuna awezaye kutumikia mabwana wawili. Nyumba hii ni ya Yesu." Shangazi hakusema neno. Alikwenda shimoni, akachagua mashina yaliyokuwa bado mazima, akarudi nayo makaburini akaanza kuyachomeka upya, moja moja, huku akishindilia udongo kwa kisigino.

Hasira ya siku ile bado ninayo, na ndiyo inayonisukuma kujibu swali ninaloulizwa mara kwa mara: je, mtu anaweza kushika dini mbili kwa pamoja?

Nianze na hiyo aya yenyewe, maana kila Desemba tunachapwa nayo. Ni Mathayo 6:24, na binamu yangu aliikatia njiani. Inamalizika hivi: hamwezi kumtumikia Mungu na mali. Bwana wa pili anayesemwa pale ni fedha. Babu aliyelala chini ya migomba hayumo katika aya ile. Nimekaa kwenye ibada ambako aya hiyo ilisomwa kuwakemea wenye matambiko, na muda si mrefu watu wakaambiwa kwamba atakayetoa zaidi ndiye atakayebarikiwa zaidi. Iliniuma wakati ule na inaniuma sasa, kwa sababu waliokuwa wanatoa ni akina mama wasio na kitu.

Lakini kilichonikera zaidi siku ile ni utetezi tulioutoa sisi wengine. Kaka zangu, wasomi wote, walimzunguka yule kijana wakamwambia apunguze jazba, "ile ni mila tu, siyo dini." Utetezi huo siutaki. Anayesema hivyo hajawahi kumsikiliza shangazi vizuri.

Mimi nimemsikiliza. Anasimama kaburini na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, anamimina kidogo, halafu anawaita marehemu kwa majina, kuanzia wa mbali. Anawapa habari za nyumbani: nani kaoa, nani kajifungua, nani alilazwa akapona, ng'ombe gani ameuzwa na fedha zimefanya nini. Anawaomba wawashike watoto walioko barabarani kutoka Dar. Kisha ananyamaza, anasubiri. Ule ukimya wake haufanani na wa mtu anayeigiza utamaduni mbele ya wageni. Anaamini kwamba anasikilizwa. Anaamini kwamba asipofika kuwaambia, kuna kitu kitaharibika katika ukoo. Kama hiyo siyo imani, basi sijui imani ni nini.

Na jioni ileile anashika rozari. Jumapili yumo kanisani na sare yake ya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, benchi la mbele, anapokea komunyo macho yamefumba. Hajawahi kukosa jumuiya kwa sababu ya uvivu. Ukimuuliza juu ya ufufuko wa wafu atakujibu bila kusitasita kwamba Bwana alifufuka na sisi tutafufuka. Kwa hiyo mnaponiuliza kama mtu anaweza kushika dini mbili kwa pamoja, jibu langu ni ndiyo, ninaye mmoja nyumbani, na ni mwaminifu kuliko wengi tulioshika moja nusunusu.

Anawezaje? Nadhani ni kwa sababu dini hizo mbili hazimdai kitu kimoja. Kanisa linamdai roho yake: maisha yake yote, dhambi zake, kifo chake na kitakachofuata. Wazee wa kihambani wanamdai nafasi yake katika ukoo. Wanamuuliza amegombana na nani, amesamehe nani, mpaka wa shamba umesogezwa na nani. Ndugu wawili wakikosana pale kwetu, aliyekosa huleta jani la sale limepigwa fundo, na aliyekosewa akilipokea, ugomvi umekwisha. Nimeona mzee aliyeapa kutosema na mdogo wake mpaka kufa akilitazama jani lile, midomo ikamtetemeka, akanyoosha mkono. Padre alikuwa amejaribu kuwapatanisha akashindwa. Sisemi hivyo kumdharau padre. Nasema kuna mlango ambao yeye hana ufunguo wake, na shangazi anao.

Isitoshe, huyu Mungu wa kanisani pale mlimani hakuja na jina geni. Wamisionari walipoanza kazi Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19 waliwakuta watu wanamwomba Ruwa, na mpaka leo sala za Kichagga zinamwita Ruwa. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefika mwaka 1902 na kukaa miaka mingi Old Moshi, aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni mambo ambayo Mungu mwenyewe aliyaweka, na kwamba kanisa lijengwe juu yake. Hayo yalisemwa na Mjerumani, takriban miaka mia moja iliyopita. Leo mtoto aliyezaliwa kwenye kihamba hichohicho anaona masale ni ya shetani.

Na hatuko peke yetu. Taasisi ya Pew ya Marekani ilichapisha utafiti mwaka 2010 kuhusu nchi 19 za Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi ambako zaidi ya nusu ya waliohojiwa walisema sadaka kwa wahenga au mizimu inaweza kumkinga mtu na mabaya. Haiwezekani wote hao wawe wapagani. Wamo watu wa swala tano na wamo wazee wa kanisa. Mwaka 2011, kule Samunge, Loliondo, tulimwona mchungaji mstaafu wa Kilutheri akigawa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500, akisema Mungu ndiye aliyemwonyesha, na waliopanga foleni walikuwa Wakristo na Waislamu, vigogo na walalahoi.

Yapo ninayoyakubali, ingawa kwa shingo upande. Kumbukumbu la Torati sura ya 18 inakataza kuwaomba wafu, na maneno yake ni mazito, siwezi kuyazunguka. Wapo pia wanaotumia jina la mizimu kuumiza watu, na mauaji ya wenzetu wenye ualbino ni doa ambalo hatutalisahau. Tena sidhani kama mtu anaweza kutoa shahada Ijumaa na kukiri Jumapili kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, akamaanisha yote mawili. Maungamo hayo yanapingana uso kwa uso. Kabaka Mutesa wa Kwanza wa Buganda alifunga Ramadhani miaka kadhaa, kisha akawakaribisha Waprotestanti na Wakatoliki, na akafa mwaka 1884 bila kubatizwa. Kwa jinsi ninavyoisoma historia yake, alikuwa anapima nguvu za wageni wake tu.

Shangazi hapimi nguvu za mtu. Kinachomlemea ni kujificha. Padre huja kubariki makaburi, hunyunyiza maji ya baraka palepale ambapo mbege itamwagwa, hula ndizi nyama, kisha huaga. Kila mtu anajua kinachofuata, na padre anajua, mwana wa Mchagga kama sisi. Tunasubiri gari lake lipite migombani ndipo shangazi anyanyuke na kata. Mama wa miaka sabini na ushei anasali kwa woga nyumbani kwao!

Wakati huohuo, jirani zetu Wakongo wana misa iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, na ndani yake wahenga waliotenda mema wanaitwa pamoja na watakatifu. Papa Fransisko aliiadhimisha ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, Desemba 2019. Wahenga waliitwa hadharani, mchana, mbele ya dunia nzima, na Kanisa halikuanguka.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa mapadre na wachungaji wa kwetu. Desemba hii msiondoke baada ya chakula. Kaeni mpaka kata izunguke, msikie mama huyu anawaambia nini wazee wake. Mkiona ni dhambi, mwambieni yeye, ana kwa ana, na mumsikilize akijibu. Mkiona si dhambi, tangazeni Jumapili madhabahuni, vijana wenye mapanga wawasikie.