Niuzie kiporo, ila niambie ni kiporo

Juzi jioni nilisimama kwenye kibanda cha chipsi nikaagiza chipsi kuku, paja. Kijana akafungua lile kabati la kioo lenye taa ya njano, akachomoa paja lililokuwa limejikunja humo tangu sijui saa ngapi, akalitupia kwenye karai la mafuta. Baada ya muda mfupi likaibuka linang'aa. "Kaka, unakula hapa hapa au nikufungie?" Nikamuuliza, huyu kuku kakaangwa saa ngapi? Akashangaa kweli. "Si huyu hapa anatoka kwenye mafuta?"

Anatoka kwenye mafuta, ndiyo. Na mimi kila asubuhi natoka bafuni, haina maana nimezaliwa leo.

Tuelewane. Sina ugomvi na kiporo. Wali maharage wa jana na chai ya rangi ndivyo vilivyonipeleka shule. Ugomvi wangu ni na kiporo kinachochovywa mafuta mara ya pili kikauzwa kwa jina na bei ya kuku wa leo.

Kuku wetu wa kibandani mara nyingi huwa ameshachemshwa na tangawizi, saumu, limao na chumvi kabla hajaliona karai. Akikaangwa mara moja akaliwa pale pale, hakuna mwenye la kusema: ngozi inavunjika, nyama bado ina maji yake. Mweke kabatini sasa. Maji ya nyama yanahamia taratibu kwenye ngozi, ngozi inalegea. Mrudishe kwenye mafuta. Ngozi inakauka tena, sikatai, lakini kile kiunyevu kilichobaki ndani nacho kinaondoka, na kwa kuwa jamaa ana haraka, nje panaungua na kwenye mfupa bado pa baridi. Unatafuna nyuzi. Tena huyu ni kuku wa kisasa, aliyechinjwa akiwa na wiki tano au sita duniani. Hana ubavu wa kukaangwa mara mbili. Halafu ile harufu, mnaijua, ya mafuta ya nyama yaliyokaa yakakutana na hewa yakaanza kuchacha. Moto wa pili hauiondoi, unaitangaza. Ndiyo maana tomato sosi inamwagwa kabla hujaulizwa kama unaitaka.

Na karai lenyewe lina mafuta meusi kiasi gani, leo naacha.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba shida hii ni ya zamani na kuna waliokwisha kuitafutia dawa. Harland Sanders, yule mzee wa ndevu nyeupe wa KFC, alikuwa na mgahawa kando ya barabara huko Corbin, Kentucky. Kuku kwenye kikaango cha chuma alikuwa anamchukua zaidi ya nusu saa, na msafiri hana nusu saa. Akimkaanga mapema, jioni anabaki na mabaki ya kutupa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 akaanza kukaangia kwenye presha kuka, muda ukapungua sana, kuku akawa anapikwa mteja akiwa amekaa mezani. (Msijaribu nyumbani. Presha kuka yako haikutengenezwa kwa mafuta ya moto.) Sisemi kila kibanda kinunue mtambo, na wala siwasifii warithi wake, maana nao wana makabati yao ya joto. Ila mwenye biashara alikaa chini akaona kuku wa kukaa si jibu.

Haya, najua mtakachosema. Gesi ni ghali. Mteja wa Dar akisubiri dakika kumi anaanza kuzungusha funguo za gari mkononi. Kuku mbichi asipotoka ni hasara ya mwenye kibanda, si yangu. Sawa, nakubali, kwa shingo upande. Basi pawe na bei mbili: kuku wa kabatini na kuku wa kusubiri. Na yule wa kabatini msimguse na mafuta tena. Nipeni hivyo hivyo alivyo.

Maana kuku wa kukaanga, akiachwa awe wa baridi, ni mtamu jamani. Waulizeni waliosafiri kwa basi la alfajiri kwenda Mwanza, au kwa treni ya Reli ya Kati kwenda Kigoma. Mama anakaanga usiku, kuku mzima, kienyeji kama mambo ni mazuri, anamwacha apoe kabla ya kumfunika na kumlaza kwenye friji, chapati zinawekwa pembeni. Mkifika Chalinze kuna mtu anafungua kopo, na basi zima linajua. Mafuta yameganda kidogo, saumu na limao vimepata usiku mzima wa kuzama, kwenye kiungo cha paja kuna ile jeli ambayo kuku wa moto hana. Unavuta nyama kwa vidole, polepole, maana safari ni ndefu. Mtu wa siti ya pembeni unamkatia kipapatio hata kama humjui.

Lakini baridi hupunguza ladha ulimini. Kuku aliyekolezwa kwa woga, akipoa hana kitu. Na yule wa kuviringishwa kwenye unga akipoa anaaibika zaidi, unga unalowa na kubanduka wote mkononi. Wetu asiye na unga anastahimili.

Kufungiwa kwenye foili akiwa wa moto, pamoja na chipsi, ni kumuua kwa mvuke. Fika nyumbani uone.

Maikrowevu sitaki hata kuizungumzia. Kama ni lazima umpashe, kikaango kikavu, moto mdogo, kifuniko cha nini.

Ila msinielewe vibaya mkaanza kula kila kilichobaki. Kuku aliyekaa nje zaidi ya saa mbili kwa joto hili la Dar, hata awe wa kabati lisilo na moto wa kutosha, mwacheni. Na wali uliolala mezani usiku kucha unaweza kuwa na bakteria ambao sumu yao haiondoki hata uupashe mpaka ugande sufuriani. Nimekuzwa na wali huo, najua, na bado nasema. Huo wapeni kuku walio hai.