Panya wa vinasaba na malaria inayopanda kichwani: tusichanganye maswali

Kijana wetu mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, amepata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamivu Ulaya. Atachunguza kazi ya protini moja ndani ya seli za ubongo, kwa kutumia panya waliobadilishwa vinasaba. Pongezi zimekuja chache. Maswali ndiyo yamekuwa mengi, na mengine yametoka kwa wauguzi na walimu: huku Kanda ya Ziwa watoto wanapelekwa hospitali na degedege la malaria, halafu kichwa kama chake kiende kuhangaika na panya?

Wanaouliza hivyo wana hoja nzito. Kimelea kinachoua watoto wetu, Plasmodium falciparum, hakimshiki panya wa kawaida. Maabara hutumia ndugu yake, Plasmodium berghei, kimelea cha panya wa porini kilichopatikana Katanga mwaka 1948. Panya akiugua, kinachoumiza ubongo wake zaidi ni askari wa kinga yake mwenyewe. Kwa mtoto, chembe nyekundu zenye vimelea ndizo hunasa kwenye mishipa midogo ya ubongo na kuiziba. Na dawa iliyopunguza vifo, artesunate ya sindano, ilithibitishwa kwa watoto wenyewe: 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha vifo asilimia 8.5 kwa waliopewa artesunate, asilimia 10.9 kwa waliopewa kwinini.

Kuna pia chanjo ya ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer. Mwaka 1999 ilisafisha uchafu kwenye ubongo wa panya waliopandikizwa jeni ya binadamu, dunia ikashangilia. Mwaka 2002 majaribio kwa watu yakasimamishwa, kwa kuwa wagonjwa 18 kati ya 298 waliochanjwa walivimba ubongo na utando wake. Anayesema panya si mtu ana ushahidi mkononi.

Ila kijana huyu hajaenda kujaribu dawa ya degedege. Swali lake linatangulia dawa: protini hii ina kazi gani? Fundi wa injini za boti pale Mwaloni Kirumba akitaka kujua kifaa kinafanya nini, hukichomoa, akawasha, akasikiliza. Ndivyo panya wa kwanza waliozimwa jeni moja, yaani maelekezo ya kutengeneza protini fulani, walivyotumika tangu mwaka 1989, na waasisi wa mbinu hiyo, Capecchi, Evans na Smithies, wakapewa Nobel mwaka 2007. Wakosoaji hujibu kwamba injini ikikataa kuwaka umejua tu kuwa kifaa kinahitajika. Ni kweli, na ndiyo maana mbinu ikanolewa. Mwaka 1996 maabara ya mwanasayansi Susumu Tonegawa ilizima protini moja ya kupokea ishara katika kipande kidogo tu cha ubongo. Panya wale walikua, walikula na kuogelea vizuri. Lakini wakiwekwa kwenye beseni kubwa la maji yasiyoonyesha chini, walishindwa kukariri mahali kilipofichwa kijukwaa cha kupumzikia, ambapo wenzao walipakumbuka. Seli zinazokuzwa kwenye sahani ya maabara haziogelei wala hazikumbuki njia.

Mfano unaonishawishi kuliko yote ni wa protini ya SMN, inayolinda seli za neva za uti wa mgongo. Mtoto anayezaliwa na aina kali ya upungufu wake hulegea misuli, hushindwa kukaa, na bila tiba wengi hawafiki miaka 2. Binadamu ana jeni mbili za protini hiyo. Ya pili, SMN2, ni dhaifu: kwa sababu ya tofauti ya herufi moja tu katika maandishi yake ya kinasaba, sehemu kubwa ya protini inayotoa ni pungufu. Panya hana jeni hiyo ya pili kabisa. Ukimzima ile moja aliyonayo, anafia tumboni kabla hajawa chochote. Hapo ndipo mtu angesema basi, panya ameshindwa. Mwaka 2000 watafiti wakampandikiza SMN2 ya binadamu. Waliopata nakala moja au mbili walizaliwa wagonjwa, wakafa ndani ya wiki moja hivi. Waliopata nakala 8 walikua wazima. Maana yake nzito: jeni ile dhaifu, ikisukumwa itoe zaidi, inatosha kuokoa. Dawa ya nusinersen ilitengenezwa kuisukuma hivyo hivyo, ikajaribiwa kwa panya wa namna hiyo, na Desemba 2016 ikaidhinishwa Marekani. Kwa hiyo tofauti kati ya panya na mtu, ile ile inayotumika kumkataa, ndiyo iliyowezesha jeni ya binadamu ipimwe peke yake.

Jambo moja silipitishi haraka. Kila panya hubeba nakala mbili za jeni, moja ya baba na moja ya mama. Ukipandisha panya wawili wenye nakala moja moja iliyozimwa, ni mtoto mmoja kati ya wanne atakayekosa zote mbili. Ukitaka jeni mbili zizimwe, mmoja kati ya 16. Wale 15 wengi wao huuawa bila kutumika, na hao ni viumbe wanaosikia maumivu. Mbinu mpya za kuhariri jeni ndani ya yai lililorutubishwa zinapunguza vizazi vya kupandisha, na maabara isiyozitumia inapoweza inapaswa kubanwa ieleze kwa nini.

Limebaki suala la bei, na ndilo lililowachoma wengi. Nusinersen ilitangazwa kwa dola 750,000 kwa mwaka wa kwanza wa matibabu. Hakuna familia ya Nyamagana au Ilemela itakayoifikia. Hasira hiyo ni halali, lakini bei ilipangwa na kampuni, baada ya kazi ya panya kwisha. Tukimrudisha kijana wetu nyumbani leo, bei haitashuka hata senti, ila atapungua Mtanzania mmoja anayejua dawa za namna hiyo zinavyotengenezwa.