Kabla ya simu mpya, nunua kistendi

Kwenye simu yangu kuna picha 43 za Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, zilizopigwa jioni moja. Nilizihesabu juzi nilipokuwa nafuta vitu kupata nafasi. Jiwe lilelile, ziwa lilelile, mawingu yaleyale ya rangi ya embe bivu, na katika hizo 43 zinazofaa kumwonyesha mtu ni mbili. Katika zilizobaki jiwe lina kingo mbili mbili, kama vile umeliangalia dakika moja baada ya kugongwa na mlango kichwani.

Nikalaumu simu. Jamaa yangu mmoja wa Kirumba naye alilaumu ya kwake, akanunua mpya, kwa bei ambayo mkewe hajaambiwa hadi leo. Tukakutana palepale ufukweni, karibu na kivuko cha Kamanga, wiki hiyohiyo aliyoinunua. Picha zake za saa kumi alasiri zilikuwa nzuri ajabu. Za saa moja kasoro jiwe lilikuwa na kingo mbili kama kwangu, ila kwake hizo kingo mbili zilionekana vizuri zaidi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: anayepanga kuongeza laki tano au sita apate kamera kali, atenge kwanza elfu thelathini anunue tripodi ndogo, ile ya miguu mitatu inayojikunja kama mkia wa kinyonga. Mimi naiita kistendi. Akitumia kistendi miezi mitatu na bado anaona simu yake haifai, hapo aende dukani na baraka zangu.

Sababu inaanzia kwenye mwanga wetu. Mwanza tuko kama nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, jua linashuka karibu wima. Linazama kama saa 12:50 jioni, muda ambao Dar giza limeshaingia, halafu baada ya dakika ishirini hivi umebaki na taa za mji. Wanaoishi mbali huko kaskazini wana jioni ndefu za kupoteza. Sisi hatuna. Na ndizo hizo dakika ishirini ambazo mawe yetu yanapendeza kuliko muda wowote, yakitoka kwenye kijivu yakienda kwenye rangi ya kutu, na maji nyuma yake bado yana mwanga.

Sasa angalia kinachofanyika ndani ya simu. Mchana wa jua kali inafungua jicho lake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, pengine 1/1000. Mkono wako hata ukitetemeka vipi hauwahi kuharibu kitu. Jua likizama inahitaji 1/10, hata nusu sekunde, ili mwanga utoshe. Wapiga picha wa zamani walikuwa na kanuni yao: lenzi ya milimita 50 usiishike mkononi chini ya 1/50 ya sekunde, ya milimita 200 usishuke chini ya 1/200. Lenzi kuu za simu nyingi ni sawa na milimita 24 hadi 28 kwa hesabu za kamera, kwa hiyo mpaka wa mkono wako ni kama 1/25. Simu za siku hizi zinatuliza mtikisiko zenyewe na zinakusogezea huo mpaka kidogo. Ukivuta mtumbwi wa mbali uje karibu kwa zoom, huo mpaka unarudi nyuma tena. Na simu ikikataa kufungua jicho muda mrefu, inajilazimisha kuona gizani, ndipo unapopata picha yenye chenga kama sukari iliyomwagika mezani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba uwezo mwingine tumeshaulipia. Simu zenye hali ya usiku zinatambua kama zimeshikwa na mtu au zimesimamishwa mahali. Mkononi zinakupa sekunde chache. Zikitulia zinajiongeza: iPhone zenye hali hiyo zinaweza kufika sekunde 30, na Google Pixel katika hali yake ya kupiga nyota inafika dakika 4. Dakika nne! Hakuna binadamu anayeshika simu dakika nne bila kupiga chafya. Huo uwezo uko mfukoni mwako sasa hivi, umefungwa.

Vistendi vyenyewe viko vya aina mbili, na hapa nililipa ada ya kujifunza. Aina ya kwanza ina waya ndani na sponji nje. Nilinunua hicho kwanza, Sh 8,000, kwenye duka moja la vifaa vya simu mjini, na muuzaji akaniapia kwamba hakikatiki. Waya ukikunjwa na kukunjuliwa kila siku unachoka, mtoto yeyote aliyewahi kuchezea waya wa taa anajua. Kwangu ulikatika mwezi wa tatu, ndani kwa ndani, sponji ikiwa nzima kabisa. Nilikuwa nimekifunga kwenye tawi. Mguu mmoja ukalegea taratibu, simu ikaanza kuinama kama abiria anayesinzia kwenye basi la usiku, na mimi namalizia kumwelekeza mtu njia. Nilisikia mlio wa kioo kabla sijageuka.

Aina ya pili ina vifundo vya duara vilivyoshikana kimoja ndani ya kingine. Mtindo huo ulianza kujulikana na GorillaPod ya kampuni ya Joby, iliyoingia sokoni mwaka 2006, na sasa unaigwa kila mahali. Changu ni cha kuiga, sioni aibu. Kifundo kikichomoka unakibana kinarudi, pah, safari inaendelea. Cha kuangalia ni uzito tu. Zile za Joby zimepewa majina kwa kilo zinazobeba, 1K, 3K, 5K. Za kuiga hazisemi, kwa hiyo ujaribu mwenyewe dukani: funga simu, kilaze kistendi pembeni, hesabu hadi sitini. Simu ikishuka hata kidogo, mrudishie mwenyewe. Akinuna, anune.

Wapo wanaosema kitu kirefu cha sentimita 25 kitakufikisha wapi, ukikiweka chini unapiga picha ya viatu. Ni kweli, kama unaishi mahali tambarare kama ukurasa. Lakini huu ni mji wa mawe! Tripodi kubwa kazi yake ni kukuletea mahali pa kusimamia pale ambapo hapapo. Mwanza pa kusimamia papo kila hatua, pa urefu wa goti, wa kifua, wa nyumba ya ghorofa moja. Kinachokosekana ni kitu cha kuishika simu isiteleze juu ya hilo jiwe, basi. Jiwe likiwa na ufa, ingiza mguu mmoja ndani ya ufa, mingine miwili itandaze kuelekea kwako. Mgongo wa jiwe ukiwa umeinama, mguu mmoja ukae upande wa bondeni, chini ya lenzi, kwa sababu uzito unaegemea mbele. Kwenye bomba la uzio, miguu miwili izungushe kwa kupishana, mmoja kulia mwingine kushoto, wa tatu uegemee kama mguu wa baiskeli. Ukiizungusha yote upande mmoja itajisokota na simu itageuka kuangalia mbingu.

Halafu usiiguse. Hili watu wanalisahau kabisa. Mtu anafunga kistendi kwa dakika tano, vizuri, halafu anabonyeza simu kwa kidole kama anapiga kengele ya geti. Weka taima ya sekunde 3. Au tumia kale karimoti kanakouzwa pamoja na kistendi, betri ikiwemo. Simu nyingi zinakubali hata kitufe cha sauti cha earphone za waya.

Nilijua kistendi kimenilipa usiku mmoja wa giza la mwezi, nikiwa juu ya mawe upande wa Capri Point. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hawahangaiki sana, taa zao hazivuti samaki kama inavyotakiwa. Mwezi ukipotea, ziwa linawaka. Mgeni anaweza kuapa kwamba kuna mji mwingine ng'ambo. Mkononi, ile mistari ya taa ilikuwa inatoka kama mtoto amechora kwa chaki akiwa juu ya bodaboda. Nikabana simu kwenye ufa, nikaweka sekunde 10, nikatulia. Mawe yalitoka safi, hata majani yaliyoota kwenye ufa yakaonekana. Ila taa zikawa vidoa vilivyovutika, kwa sababu jiwe halisogei lakini mtumbwi unasogea. Nikashuka hadi sekunde 2. Kila taa ikakaa mahali pake, na chini yake utepe wake wa mwanga kwenye maji. Picha hiyo nimeisafisha, iko sebuleni, na wageni wananiuliza ni kamera gani. Simu ya mwaka wa nne, kioo kina ufa.

Msifikiri ninauza vistendi. Kuna mahali havifai kabisa, na cha kwanza ni chombo kinachotembea. Nimeona vijana kwenye kivuko wanakifunga kwenye chuma cha pembeni kwa furaha. Chuma hicho kinatetemeka na injini kuanzia mnapoondoka hadi mnapofika, na kistendi kinaipelekea simu mtetemo wote bila kupunguza hata senti. Kwenye kivuko mwili wako ndiyo springi nzuri: legeza magoti, bana viwiko mbavuni, toa pumzi nusu, piga. Upepo wa alasiri unaotoka ziwani nao si mchezo, miguu ile laini inacheza. Hapo nakibana kifupi kabisa, miguu imejikunja kama kaa, au nauweka mfuko wenye mawe juu ya mguu mmoja.

Kuhusu tripodi kubwa, ninayo. Imelala uvunguni. Nilipoibeba mara ya mwisho, mlinzi wa mahali fulani, sitapataja, alinisimamisha akataka kibali, maana mtu mwenye kitu kama hicho lazima atakuwa anafanya biashara. Tulibishana hadi jua likazama. Kistendi kinakaa mfuko wa koti, na sijawahi kuulizwa neno.

Kuna na mjusi wa kwenye mawe. Huyu wa kwetu kichwa na mabega vina rangi ya waridi, chini bluu kali, na kwa jina la kisayansi ni *Agama mwanzae*, yaani tunaye mjusi mwenye jina la mji wetu na bado watu wanamrushia mawe. Ukimsogelea na simu mkononi anatokomea. Asubuhi moja nilisimamisha kistendi juu ya jiwe analootea jua, kimo cha vidole vinne tu, nikakaa mbali na karimoti kangu. Mzee mmoja akapita, tukasalimiana, mwangaluka, mwangaluka, akanitazama sana mtu mzima niliyechuchumaa nikiangalia jiwe tupu. Ilichukua kama nusu saa. Mjusi akarudi, akapiga zile pushapu zake mbele ya lenzi, na nikapata hadi magamba ya shingoni.

Lakini aliyenifanya nikate shauri kuandika haya ni shangazi yangu wa Ukerewe. Mimi ndiye mpiga picha wa familia, maana yake katika picha za familia mimi sipo. Harusi sipo, misiba sipo. Shangazi aliwahi kupekua simu yangu yote akaniuliza, "Mwanangu, wewe ulikuwa unaishi wapi miaka hii?"

Safari ya mwisho nikakizungushia kistendi kwenye tawi la mchungwa uani kwake, urefu wa macho, nikawapanga watu kumi na wanne kwenye viti na mikeka.

"Hicho kidude ndicho kitatupiga?"

"Ndiyo, Shangazi. Sekunde kumi tu."

"Na nani atatuambia tucheke?"

Nikabonyeza, nikakimbia. Nilikuwa nimepima umbali, sikumpima kuku. Akanikata mbele, nikamruka, kandambili moja ikabaki nyuma, nikatua pembeni ya shangazi kwa goti moja wakati simu inamaliza kuhesabu. Niliwapiga nyingine nane baada ya hiyo, watu wote wameangalia mbele, nguo zimenyooka.

Amezikataa zote. Anataka ile ya kwanza, ambayo hakuna hata mmoja anayeangalia kamera, wote wamenigeukia midomo wazi, na yeye ameshika kilemba kisianguke kwa kucheka. Ameniagiza nikaisafishe hapa mjini, saizi ya kutundika ukutani, na niiwahishe kwenye meli ya Ijumaa.